Giga Moja ya Dada Kiasi

Kila asubuhi, kabla hajawasha kompyuta, hujimiminia kikombe kizima cha chai, hukitazama kidogo, kisha hurudisha nusu kwenye chupa kabla hajaonja. Chupa yenyewe ni kubwa, na jioni chai inayobaki humwagwa sinkini. Yeye hurudisha tu. Ukimkaribisha kiti hukalia ukingoni. Ukimuuliza umwongezee nini, atasema, "Kiasi tu." Ndiyo maana ofisi nzima tunamwita Dada Kiasi, na sidhani kama mlinzi wa getini anajua kwamba ana jina jingine.

Dada Kiasi ndiye anayetunza programu ya damu. Hospitali ikihitaji damu ya kundi fulani, programu hiyo ndiyo inayoeleza ni benki ipi ya damu inayo, na ipi iko karibu. Mimi kazi yangu ni kuandika miongozo ya watumiaji, na meza yangu inapakana na yake. Niliyoyaandika hapa niliyaona na kuyasikia nikiwa nimekaa pale pale.

Programu zetu zimefungwa kila moja kwenye kontena lake, na makontena yote yanaishi pamoja kwenye seva chache, yaani kompyuta kubwa za ofisi. Kuna mfumo unaoyapanga, nasi tunauita Mratibu. Mratibu hajui damu ni nini wala chati ni nini. Anasoma faili fupi aliloandika mwenye programu: nihakikishiwe kumbukumbu ya kompyuta kiasi gani, na nisivuke kiasi gani. Ukiomba nyingi, anakutengea hata kama huzitumii, kama mtu aliyeweka mkoba kwenye kiti akaondoka zake. Ukiomba kidogo, unaweza kutumia zaidi ya ulichoomba maadamu pana nafasi. Lakini seva ikijaa, wanaotolewa nje kwanza ni wale wanaotumia zaidi ya walichoomba.

Programu ya damu hutumia giga tatu za kumbukumbu, na tatu ndizo ilizokuwa imeomba. Kisha mwezi uliopita mkuu wa idara akatuita mkutanoni, akasema seva zimebanwa na kila mtu apunguze. Tukaitikia kwa vichwa. Aliyepunguza ni mmoja. Dada Kiasi alirudi mezani, akafuta tatu, akaandika moja. Mkutano uliofuata mkuu akamsimamisha. "Huyu ndiye mfano," alisema. "Hana makuu. Mpigieni makofi." Tukampigia, na mimi nikiwemo. Alitazama chini huku akitabasamu.

Maneno hayo hayakuwa mageni kwake. Mama yake humpigia simu wakati wa chakula cha mchana, na kwa sauti aliyonayo yule mama, nasi wengine husikia. "Mwanangu hana makuu tangu utotoni," humwambia yeyote aliye karibu naye huko. Nyumbani kwao kulikuwa na chumba kimoja chenye meza ya kusomea. Alipewa kaka yake, aliyekuwa akirudia darasa. Dada Kiasi alisomea mtihani wake wa mwisho sebuleni, mbele ya televisheni iliyowashwa, na wageni walimsifu kwa utulivu wake.

Basi. Jana, katikati ya asubuhi, simu ya mezani kwake ililia. Aliiweka kwenye spika kwa sababu mikono yake ilikuwa kwenye kibodi.

"Nyie watu mmelala?" Alikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi. "Nina mama hapa anavuja damu, na mtambo wenu unaniambia nisubiri! Nisubiri nini?"

"Kundi gani, dada?"

"O hasi! Na usiniulize kama nimejaribu kuuzima na kuuwasha!"

"Usikate simu."

Skrini yake ilionyesha kontena la damu limetolewa. Mratibu alikuwa amelitafutia seva nyingine, akakosa, kwa kuwa zote zilikuwa zimeshikwa na maombi ya watu, ingawa ndani zilikuwa karibu tupu. Dada Kiasi hakuhangaika nalo. Alinisukumia simu yangu, tukaanza kupigia benki za damu moja moja, yeye huku, mimi huku. Wakati huo huo, upande wa pili wa chumba, mkuu wa ripoti, tunayemwita Mzee wa Chati, alikuwa akiita watu kwa furaha: "Jamani, njooni mwone! Ripoti ya mwaka imetoka, rangi zake kama bustani!"

Kumbe ndiyo hiyo. Programu yake ya chati ilikuwa imejitengea giga kumi na mbili na kuzilalia mwezi mzima. Asubuhi ile ikaamka, ikadai zote. Seva ikajaa, na damu ikatolewa ili chati zipate nafasi.

Damu tuliipata, na yule mama alipona. Muuguzi alikata simu bila kuaga. Sioni kwa nini angetuaga.

Mchana tukaitwa mkutanoni.

"Tusilaumiane," alisema mkuu wa idara. "Dada Kiasi, giga moja uliiandika mwenyewe. Simama uwaombe radhi wenzako, yaishe."

Alisimama. Nilijua ataomba radhi. Wote tulijua.

"Niliiandika mimi," alisema. "Zilikuwa tatu. Nani aliniambia nipunguze?"

"Nilimwambia kila mtu."

"Na nani alipunguza?"

Mzee wa Chati alichezea kifuniko cha kalamu. "Dada yangu, mbona unatutolea macho? Ungeomba tu. Mdomo si unao?"

Wawili watatu wakacheka.

"Nilikuwa nazo, kaka. Nilipoziachia, siku hiyo hiyo ukaongeza zako kutoka kumi hadi kumi na mbili. Niliona, nikanyamaza."

"Zilikuwa zimekaa bure!"

"Zako ndizo zilizokaa bure. Zangu zilikuwa na kazi."

Alifungua kompyuta yake, akaiunganisha na skrini ya ukutani, akafuta moja, akaandika tatu, akatuma. Jibu likatoka kwa herufi nyekundu: ombi limekataliwa, mgao wa idara umekwisha.

"Mmeona? Siombi radhi. Na sikai chini mpaka zirudi."

"Hiyo ni lugha gani mbele ya wakubwa?" mkuu aliuliza.

"Ya yule muuguzi. Namba yake ninayo. Nimpigie mwongee naye?"

Mkuu akatazama saa. "Haya, Mzee, mrudishie mbili. Tunachelewa." Alisema hivyo kama mtu anayeamua ugomvi wa watoto juu ya mto wa kochi. Mzee wa Chati akaandika huku akisonya. Dada Kiasi akatuma tena, na kontena la damu likapata mahali pake.

Safari hii hakuna aliyepiga makofi. Tulitoka tukimpisha kama mtu aliyetia aibu msibani. Katika ngazi nilimsikia mmoja akinong'ona, "Kumbe naye yumo!"

Nilimkuta jikoni akisugua kikombe ambacho tayari kilikuwa safi. Sijui kuanzisha mazungumzo na watu. Nilimuuliza swali moja tu.

"Dada, ulijua inatumia tatu. Kwa nini uliandika moja?"

Alikiweka kikombe chini kwa kishindo.

"Nilipenda kusifiwa," alisema.