Ngazi Waliyomwondolea Mama

Ilianza Jumatatu saa saba mchana, likizo ya Agosti, nikiwa na miaka tisa. Saa hiyo siisahau kwa sababu ndiyo niliyompeleka mdogo wangu mchanga kunyonya kila siku. Mama alikuwa mtu wa mkono, msaidizi wa mafundi, kwenye jumba lililokuwa likijengwa pale Nyanchwa, akipandisha simiti kwa karai kichwani. Leo jumba lile lina mapazia na madishi, na mimi nikilipita nikienda shule natazama chini. Wakati ule lilizungukwa na jukwaa la miti ya mkaratusi, likinuka utomvu, na ngazi ilikuwa moja tu.

Wajenzi walikuwa na mchezo wao: mgeni wa kazi huondolewa ngazi akiwa juu, akae huko mpaka aahidi kuwanunulia soda. Mama, mwanamke wa kwanza kupanda, alipoondolewa ngazi aliahidi haraka. Wakasema soda haitoshi, kwanza awachezee densi kidogo.

Mtoto alilia mgongoni kwangu, kile kilio cha njaa kinachokatika katikati. Nilijaribu kuinua ngazi. Fundi mkubwa akaikanyaga.

"Omosubati," akamwambia mama, yaani mwanamke kwa Kikisii, "yamwage tu hayo maziwa kutoka huko. Huyu atafungua mdomo."

Walicheka na ugali mdomoni. Blauzi ya mama ilikuwa imelowa mbele, na kila mtu aliiona. Mimi niliona haya hata kulia.

Mama akaacha kuwabembeleza. Akaifunga sketi katikati ya miguu, akakumbatia mti wa jukwaa, akashuka nao. Karibu na chini aliteleza, vifundo vya mti vikamchuna ngozi ya viganja. Alinyonyesha mikono ikiwa hewani, asimpake mtoto damu. Mimi ndiye niliyemshikilia. Fundi akasema ameharibu mchezo.

Nyumbani nyanya alimwambia avumilie, kazi za wanaume ndivyo zilivyo. Zamani mama alikuwa mtu wa kuchekesha jikoni, tukimenya ndizi akiigiza sauti za majirani wote. Sauti hizo sijazisikia tena.

Kesho yake asubuhi tulikwenda pamoja. Alipandisha makarai mawili, viganja vimefungwa vitambaa. Mafundi walipokuwa juu kabisa, alishuka, akaiondoa ngazi, akaiburuta peke yake hadi barabarani. Walimtukana, kisha wakambembeleza. Kwa kuwa waliona mti ulivyomfanya, hakuna aliyethubutu kushuka nao. Mama akaketi juu ya ngazi, akanipokea mtoto, akamnyonyesha polepole, titi moja, kisha la pili.