"Ee" niliyomujibu koko

Leo nimejibu "ee" kwa swali ambalo sikulielewa.

Tafazali, musinicheke.

Asubui tuliitwa kwenye fonii ya misioni, ile redio ya kuongea na watu wa mbali. Koko yangu, mama ya papa yangu, alikuwa anaongea toka Shabunda. Papa alikuwa Yangambi kwa kazi, basi nikaenda mimi.

Koko anajua Kilega tu. Mimi nilizaliwa hapa Kisangani, Swahili na Lingala nazijua muzuri. Tangu utoto papa ananisemesha Kilega, mimi ninashika maneno mawili matatu tu, na kila mara ninamujibu kwa Lingala.

Sauti ya koko ikaja na makelele. Alisema mambo marefu, yakaishia kama swali.

"Jibu, citoyen! Watu wanangoja," mwenye fonii akaniambia.

Bon, ningesema mbele ya foleni nzima kwamba sielewi luga yetu? Nikaona haya.

"Ee," nikajibu.

Koko akauliza tena.

"Ee, koko. Ee."

Saa kumi papa akarudi, akaenda fonii yeye mwenyewe.

Kumbe koko aliniuliza hivi: "Muzee amekufa. Tumuzike leo, bila kungojea papa yako?"

Walimuzika saa sita.

Papa hakunipigia kelele. Alikaa mbele yangu, na kwa mara ya kwanza akanisemesha Lingala, polepole, kama mutu anayeongea na mugeni:

"Tata na ngai akufi. Bakundi ye. Ngai nazalaki te."

Baba yake amekufa, wamemuzika, yeye hakuwako. Nilielewa kila neno.

Bado anangoja nimujibu. Ninyi wenzangu, mungemujibu kwa luga gani?