Aigues-Mortes, Jina Lililomtisha Mama

Mdogo wangu alipopata kazi hotelini kusini mwa Ufaransa, nyumba nzima ilishangilia isipokuwa mama. Yeye aliuliza jambo moja tu.

"Mji wenyewe unaitwaje?"

"Aigues-Mortes."

Mama alisomeshwa Kifaransa na masista kule Uvira, na miaka yote tuliyoishi Johannesburg haijamsahaulisha. Neno la kwanza halikumwambia kitu. La pili lilimtosha.

"Mortes? Wamekufa hao. Mwanangu haendi kukaa kwa wafu."

Jumapili mchungaji alipomwita mdogo wangu mbele aombewe safari, mama hakuinuka kitini. Mdogo wangu alilia njia nzima kurudi nyumbani.

Mimi ni fundi cherehani, nina chumba cha kushonea pale mtaa wa Bertrams. Wiki ile, kila nilipopumzisha mashine, nilisoma habari za mji huo kwenye simu. Aigues ni maji, kwa lugha ya zamani ya kusini kule. Mji umezungukwa na mabwawa ambayo maji yake hayaendi popote, ndipo jina lilipotoka. Katika karne ya kumi na tatu mfalme wa Ufaransa alitaka bandari yake mwenyewe kwenye Mediterania, akaijenga hapo hapo matopeni, akapanda meli kwenda vitani. Kuta za mawe zilijengwa na waliomrithi. Baadaye mchanga ukajaa, meli zikashindwa kufika, kuta zikabaki.

Nilimsomea mama yote hayo.

"Basi ni kweli," alisema. "Hata maji yamekufa."

Nikajuta kumsomea.

Jumamosi alikuja mteja wangu wa siku nyingi, mlinzi, Mtanzania wa Tanga, kupunguza suruali ya sare. Mama alikuwa pembeni akifumua pindo. Yule bwana alimwamkia shikamoo, nami nikamweleza shida yetu. Akacheka.

"Mama, hata kwetu pwani tuna maji mafu. Ni zile siku bahari haijai sana wala haitoki sana. Hakuna aliyekufa. Maji yametulia tu."

"Mnayaita hivyo hivyo? Maji mafu?"

"Tumezaliwa tukayakuta yanaitwa hivyo."

"Na watu wanaoga?"

"Wanaoga, mama. Mimi mwenyewe nimejifunza kuogelea siku za maji mafu."

Mama alikata uzi kwa meno. Kisha akanigeukia mimi.

"Miaka yote unamshonea huyu, hukuweza kumuuliza mapema?"

Kwenye uwanja wa ndege mama alimwekea mdogo wangu mkono kichwani, akamwombea kwa sauti mpaka foleni ya nyuma yetu ikaanza kuguna. Hakujali.

Ila jina lile halitamki mpaka leo. Kanisani wakimuuliza habari za binti yake, hujibu kwamba yuko Ufaransa, mji wa Maji Matulivu. Mzee mmoja wa kanisa aliutafuta kwenye ramani, akaja kuniambia hauonekani.