Mkono Uliobaki Begani

Nimeandika "dada Neema hayupo" nikafuta mara nne. Naona kama mzaha wake mwingine mbaya. Jumatatu alikuwa shift ghalani Jordbro, huku kwa Waswidi, moyo ukasimama wakati wa chai. Jamani, chai!

Kanisani mimi ndiye yule anayekaa karibu na makoti. Neema, dada wa kanisa tu, si wa damu, ndiye aliyenifuata huko: "We mtoto, hayo makoti yanakujibu?"

Mwaka jana alinipeleka Tucson, jangwani Arizona, yeye na Sara. Mama alikubali kwa sababu aliambiwa Sara ni mfanyakazi mwenzake. Sara alikuwa mpenzi wake, miaka sita. Mimi nilijua. Neema alijua siri yangu pia, kabla sijaijua vizuri mwenyewe.

Tulipotoka uwanja wa ndege, Neema na Kifaransa chake: "Mon Dieu, nani kaacha oveni wazi?"

Hotelini tukaulizwa chumba chao kiwe na kitanda kimoja au viwili. Neema, kwa mazoea ya mtaani kwetu Norsborg, akajibu haraka: "Viwili. Huyu ni dada yangu." Sara ana nywele za rangi ya karoti! Mhudumu akawatazama, akasema, "Familia nzuri." Sara alinuna mpaka jioni. Nilichoka. Ndege tatu, kuja kujificha kwa watu wasiotujua?

Mkahawa mmoja ulikuwa na bendera ya upinde wa mvua mlangoni. Neema akaupita mara tatu, eti anatafuta maji. Sara akamwambia, "Mimi naingia. Wewe endelea na maji yako."

Ndani, wazee wawili, mtu na mumewe, wanagombania keki. Hakuna aliyegeuka kututazama. Neema akaninong'oneza: "Yaani ni hivi tu?"

Siku ya mwisho niliwapiga picha chini ya dungusi refu kuliko nyumba. Mkono wa Sara begani kwa Neema. "Usiiweke mtandaoni bado," Neema akasema. Bado, bado, mwaka mzima!

Halafu wiki iliyopita Neema akaniambia: "Nimechoka kuwa na madada. Jumapili baada ya ibada iweke, unitag. Mimi caption siziwezi."

Sikuiweka. Nikamwambia simu imeharibika. Uongo. Niliogopa Mama ataniuliza nilijuaje.

Jumatatu akafa.

Kwenye kilio mama mmoja wa kanisa akaniambia, "Wewe unajua simu, tutafutie picha nzuri ya marehemu." Nikachukua ileile. Nikamkata Sara. Vidole vikabaki begani.

"Huu mkono wa nani?" yule mama akauliza.

Nikajibu kwa Kiswidi, kama kila ninapoogopa: sijui. Sara alikuwa nyuma yangu jikoni, anasuuza vikombe vyetu. "Rafiki wa kazini," walimwita.

Neema, umenikasirisha na bado zako. Mimi nimejikasirisha zaidi.

Jana nilimuuliza Sara. Akasema: "Iweke. Nzima."

Mama, ukisoma hii: ndiyo, nilijua. Na lile swali litakalofuata, jibu lake ni ndiyo pia. Nipo chumbani kwangu.

Dada, Jumapili yako imechelewa, ila hii hapa. Nimekutag. Mkono ni wa Sara, na kesho kwenye mazishi atakaa mbele, hata kama ni mimi nitakayesimama kumpisha.

Lala, Neema. Hakuna tena wa kumficha.