Siku Nilikosesha Kamina Bageni

Hii habari inanionyesha mujinga, najua. Lakini heri niielezee minyi mwenyewe, juu muvyala wangu akinitangulia, mutasikia kwamba nililia. Sikulia. Mutu mwenye kamba ku shingo haweze kulia.

Tulikuwa bantu sita ku Kamina, mu salle moja nyuma ya kanisa. Mukubwa wetu alikuwa mama mwalimu, mwenye kufundisha batoto ya primere. Kazi yetu ilikuwa kusaidia programu ya ordinatere, ile bengine banaita kompyuta, programu yenye haiuzishwe: bantu ya dunia muzima banaitengeneza pamoja, kila mutu kwake, bila mushahara. Minyi nilisoma paka primere tu, lakini ordinatere ya kufa naifungua na naifufua, na minyi njo niligeuza maneno ya ile programu mu Kiluba.

Kila mwaka bale bantu banakutana mu muji moja. Muji yenye kutaka kubapokea inaandika dosie ya kujieleza, kisha inajibu maulizo ya bachaguzi batano kwa video, na kila mutu anaweza kuangalia. Kwao hakuna mambo ya kufichika. Hata maneno ya mukutano banaandika yote, banaiweka fasi dunia muzima itaisoma.

Mama mwalimu alitumika nabo myaka munane, kwa kuandika paka, bila kuonana sura. Mara tatu balimualika, mara tatu bakamunyima viza. Mara ya tatu alirudia Kamina na pasporti ya bure mu sakoshi, akasema kama yeye hapana na njia ya kwenda kwao, basi bao bakuye kwake. Njo vile dosie yetu ilianza. Aliandika yote: bitanda, kuranti ya umeme, gari ya moshi, mpaka na samaki ya Bukama. Miji ikaanguka moja moja, ikabakia mbili: yetu, na ingine ya ku bahari, inchi ya mbali.

Siku ya kujibu, minyi nilipewa ulizo ya usalama, juu najua kuchekesha bantu. Mama mwalimu akanipa kravate ya bwana yake, ile tai ya ku shingo. Kuifunga sikujua. Nikaifunga na fundo ya kufungia mbuzi, ile ukivuta inakaza.

Muchaguzi moja, muzee ya miwani, akauliza kama Kamina iko na fujo. Nikamujibu kwamba ku Kamina hata imbwa banaombana ruhusa mbele ya kulumana na meno. Bakacheka bote batano. Nikaona mama mwalimu anafunga macho sawa mutu anasali na anajibiwa.

Pale pale mulango ikafunguka, muvyala wangu akaingia.

Muvyala ni mutoto ya noko, ndugu ya mama yako. Kwetu Baluba, muvyala anakutukana mbele ya bantu, anakunyanganya kofia, anakupiga hata siku ya kilio, na weye unamurudishia, na hakuna mwenye kukasirika. Akikusalimia muzuri, uogope. Huyu alikuwa anatoka Kaniama na mihindi ku pikipiki, mavumbi mpaka ku kope, na tulikuwa hatuonane tangu miezi mingi. Ingefaa nimufanyie alama atoke. Lakini minyi na hii kinywa yangu.

"Nani alifunga hii mbuzi?" akauliza.

"Mbuzi ni ile ilienda ku Kaniama," nikamuambia, "soko ikaikatala, ikarudi na pikipiki."

Akanipiga kofi ku kisogo, paji ya uso ikagonga meza. Salle ikacheka. Nikamupiga teke ku goti. Akakamata kravate, akavuta, na fundo ikafanya kazi yake.

Mwanzo nilizania tunacheza. Kisha hewa ikaisha. Nikapiga meza na mikono, macho ikatoka, ulimi ikatoka. Kwa bale benzetu mu salle, ile ilikuwa muchezo ya juu kabisa. Bengine bakapiga makofi. Mama mwalimu alicheka mpaka akashika tumbo. Ku ekra ya ordinatere, muzee ya miwani alikuwa anasimama, mwanamuke moja anajifunika kinywa. Mama mwalimu akabaona, akabaelezea mu Kifaransa, kicheko bado mu sauti: "Musiogope, huyu ni ndugu yake."

Hiyo haikubatuliza.

Nikamuuma muvyala ku mukono mpaka meno ikakuta mufupa, damu yake ikanijaa kinywa. Hakuachilia. Alizania naongeza utamu. Giza ikaanza kuingia mu macho. Ku meza mukono yangu ikagusa chuma ya kusude, ile ya moto tunaungia singa ya umeme, nikaikandamiza ku shavu yake. Ngozi ikalia sawa mafuta mu kikaango, harufu ikapanda.

Pale njo muchezo iliisha. Akaachilia kravate, akanyanyua bateri tulikuwa tunawekea kuranti, akanipiga nayo ku kinywa. Nikasikia meno inavunjika sawa mihindi ya kukauka. Nikaanguka, yeye juu yangu, anapiga, anapiga, bila kutukana. Muvyala akikupiga bila kutukana, ujue anataka kukuua.

Bale bane bengine bakamuondoa juu yangu. Damu ilikuwa ku jicho ya kamera. Mama mwalimu akaipanguza na kitambaa ya kichwa yake, akakaa mbele yake, akaanza kuelezea muvyala ni nini. Nani atasikia ile, na mutu anatema meno nyuma yake?

Kisha siku tatu, bakachagua muji ya ku bahari.

Muvyala alikuya kuniona ku lopitalo, shavu ya kufungwa, kuku mu mukono. Akaniambia sura yangu sasa iko na faida, itafukuza nyani mu mashamba. Nikacheka na midomo ya kushonwa, nikalia maumivu. Kati yetu ugomvi ilikuwa imekwisha.

Mama mwalimu akaingia nyuma yake. Akafungua simu, akanisomea maandiko ya mukutano, fasi ya Kamina. Ilikuwa mustari moja: mwenye kuelezea usalama alipigwa, na benzake balicheka. Nikamuambia abaandikie tena, abaeleze vizuri. Alikuwa amesha kuandika. Balimujibu na upole, lakini uchaguzi ilifungwa, na andiko haifutwe. Nikamuambia basi anipige yeye pia, iko nafasi upande ya kushoto.

Hakucheka. Akafunga simu.

"Myaka munane balinijua mu maandiko," akaniambia. "Siku ya kwanza baliona sura yangu, weye ulikuwa unakufa, na minyi nilikuwa nacheka."