Mbwa Mwitu na Matembele ya Shangazi

Miaka ya tisini nilikuwa nasomea wanyamapori chuo kikuu pale Saint Paul, Marekani, na nilikuwa najiona kweli. Mbwa mwitu walikuwa ndiyo kwanza wamerudishwa mbuga moja huko magharibi, na darasani hatukuwa na jingine: watawamaliza elki, wale kulungu wakubwa kama ng'ombe, au watawapunguza tu? Mwalimu wetu alisema kuliwa si kitu, kitu ni hofu. Elki akishajua mbwa mwitu yupo, hakai tena mtoni kutafuna miche kutwa nzima. Anakula huku anageuka nyuma.

Habari hiyo nikampelekea shangazi yangu kwake mtaa wa Blaine, nilikokuwa naenda kula. Yeye alikuwa na balaa lake: kulungu wa mtaani walikuwa wanamaliza matembele yake nyuma ya nyumba. Na Jumapili ile mshenga alikuwa anakuja kutoka Inver Grove Heights kuleta posa ya binti wa pekee wa shangazi. Mzee huyo, mtu wa Tanga kama sisi, alishasema kwenye simu kwamba tangu aingie Marekani hajaonja tembele, na shangazi akamwahidi.

"Akiondoka hapa na hamu yake, posa imekwenda," aliniambia. "Sasa hiyo elimu yako ni ya nini?"

Nikaenda duka la wawindaji, nikanunua kichupa cha dawa, nikanyunyizia uzio wote. Kesho yake hakuna alama ya kwato hata moja. Shangazi akanikaangia samaki, kisha akauliza ile dawa ni dawa gani.

"Mkojo wa mbwa mwitu," nikasema, kifua mbele.

Mwiko ukasimama hewani. "Wa mbwa?"

"Mbwa mwitu, shangazi."

"Mwitu ndiyo nini? Si mbwa tu asiye na kwao! Umenitia najisi nyumbani, na mtu wa swala tano anakuja kula!"

Nilijitetea. Nilisema kwa Kizungu wala haitwi mbwa, ana jina lake mwenyewe, kosa ni la Kiswahili chetu. Wee, nani anasikiliza! Nikaosha uzio mara saba, moja kwa udongo, kama tulivyofundishwa chuoni, yaani chuo cha Kurani cha kwetu Tanga, si cha Saint Paul. Majirani wananitazama. Hofu yote ikaenda na maji.

"Sasa nani atawafukuza kulungu?" nikauliza.

"Wewe."

Jumapili alfajiri nikakaa bustanini na sufuria na kijiko. Wakaja watatu. Nikapiga sufuria. Wakaniangalia, wakasubiri nimalize, wakaendelea na tembele. Jamani, nilikasirika! Lakini wamezaliwa Blaine, hakuna aliyewahi kuwakimbiza. Wangejulia wapi kuogopa?

Ndipo mlango ukafunguka kwa kishindo. Shangazi, kanga kiunoni, kanga kichwani, mwiko mkononi, akaja mbio huku anawatukana hadi babu zao. Kulungu wakaruka uzio bila kuugusa. Msimu ule hawakuonekana tena.

Mchana mshenga akala matembele ya nazi hadi akafungua vifungo vya koti. "Kwangu kulungu hawabakishi hata shina," akasema. "Nyie mnawatisha na nini?"

Shangazi akanikazia macho, lakini ulimi wangu ulishatangulia. "Na shangazi," nikasema.

Mzee akacheka hadi akapaliwa. Kisha akafuta mdomo. "Na huyu binti naye, kamfuata mama?"

Shangazi akawa anasokota ncha ya kanga. Yule aliyetimua watatu kwa mwiko mmoja, maskini, alikuwa anaogopa, na nikamwonea huruma.

"La hasha, mzee," nikasema. "Binti ni mpole kama kulungu."

Posa ikapita. Kulungu wa wapi, hakuniuliza.