Aliyefua Kabla Hatujafungua

Nilikuwa nauza duka langu la kufulia pale Nyamirambo, lile ambalo mteja anaingia na mfuko wake, anajaza mashine mwenyewe, analipa kwa simu na kukaa kwenye benchi mpaka nguo zimalize kuzunguka. Nilitaka pesa za kumalizia nyumba Gahanga. Paa lilishapanda, milango ilishatiwa, na chumba cha baba nilikipa dirisha linalotazama mashamba. Kilichobaki ni baba mwenyewe, aliyekuwa anaishi peke yake, kukubali kuhamia kwetu huko. Kila nikimgusia alisema Gahanga ni mbali na msikiti, mbali na cherehani yake, mbali na kila kitu. Nilimwambia atazoea. Mimi nikishaamua jambo huwa sisikii vizuri.

Basi tukawa tunaliandaa duka. Nilipaka kuta rangi upya, nikaita fundi akabadilisha mipira ya milango ya mashine iliyoanza kuota ukungu, nikasugua droo za sabuni kwa mswaki mpaka vidole vikachubuka. Mnunuzi alikuwa mama mmoja aliyekulia Kampala, mfanyakazi wa ofisi za Kimihurura, mpole wa sauti lakini mwenye macho ya afisa wa forodha. Alikuja mapema, tulipofungua tu, akawa anafungua mashine moja moja na kupitisha kiganja ndani. Alipofika ile ya pembeni karibu na choo, mkono wake ulisimama.

"Hii iko na maji," alisema. "Na bado iko na moto. Nani alifua, na nyinyi ndo mnafungua sasa hivi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nikamdanganya kwamba fundi alikuwa anaijaribu. Alipoondoka nilimgeukia dada aliyekuwa ananisaidia dukani, mwanamke wa makamo aliyetoka Bukavu, ambaye ndiye pekee mwenye ufunguo wa pili. Kichwani nilishamaliza kesi: anafua nguo za watu kwa siri na kutia pesa mfukoni, kwa umeme wangu na maji yangu. Nilimfokea mbele ya wateja bila kumeza mate. Alikunja kitambaa cha kufutia mashine, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mbabarira, mama," aliniomba radhi kwa Kinyarwanda, kisha akaendelea kwa Kiswahili chake. "Hii mambo mimi siwezi kusema. Ukitaka kunifukuza, fukuza tu."

Jeuri hiyo ilinichoma kuliko wizi wenyewe. Nikaapa kwamba nitamfumania.

Kesho yake adhana ya alfajiri ilinikuta nimeshavaa viatu. Niliposhuka barabarani wanaume walikuwa wanaingia msikitini, mmoja mmoja na wawili wawili, nami nikajiambia kwamba mwizi wangu amechagua saa nzuri, mtaa mzima ukiwa kwenye swala. Taa ya duka ilikuwa inawaka. Nilisukuma mlango kwa nguvu ili ashtuke.

Aliyekuwa amekaa kwenye benchi ni baba yangu.

Nilishika fremu ya mlango. Akili ilikataa kabisa kumpokea. Niliitazama kofia yake, kanzu yake, mikono yake ya fundi cherehani imelala juu ya magoti, na kila kitu nilikitambua ila sikuweza kuamini kwamba ni yeye. Mtu huyu maisha yangu yote alfajiri alikuwa safu ya kwanza msikitini. Nyuma ya kioo cha mashine shuka zake zilikuwa zinazunguka kwenye povu, na katikati ya shuka, nguo zake za ndani. Kwetu nguo ya ndani kila mtu anafua ya kwake kwa mkono na kuianika chini ya kanga au taulo, isionekane. Nilikuwa sijawahi hata siku moja kuona ya baba.

Nilimwuliza anafanya nini pale. Lilikuwa swali la kijinga, maana jibu lilikuwa linazunguka mbele yetu. Hakunitazama. Aliniambia taratibu kwamba hawezi tena kuuzuia mkojo. Unamtoka usingizini, na siku nyingine unamtoka hata akiwa amekaa kwenye cherehani. Kukamua shuka kwa mkono kumemshinda, na kumpa mtu amfulie ni kumpa mtu habari ya kwenda kusimulia. Dada wa dukani alimkuta siku moja amesimama nje na mfuko, hakumwuliza neno, akamfungulia. Tangu hapo humpitishia ufunguo jioni, naye huja saa hii kwa sababu wote wanaomjua wako msikitini.

"Na wewe baba, huendi tena?" nikamwuliza.

"Nasali nyumbani. Nikisujudu ukanitoka pale, mbele ya watu, uso wangu nitauweka wapi?"

Nilikuwa nimemfokea mwanamke wa watu kwa kosa la kumsitiri baba yangu. Na ile nyumba! Ina bafu moja tu, mlango wake unafungukia sebuleni, na kamba ya kuanikia iko uwanjani ambako wanangu watakuwa wanacheza. Niliipanga mwenyewe na kujisifia. Miezi yote aliyokuwa anakataa kuhama nilimwita mbishi, tena mbele ya watoto.

Nilianza kusema kwamba kuna madaktari, kuna dawa, twende leo hii, nitampeleka mwenyewe. Maneno yalinitoka yote kwa pamoja, mengine hayakuwa na kichwa wala miguu. Aliinua kiganja kidogo.

"Nasikia duka unaliuza," alisema.

Nilikuwa sijamwambia. Nilijibu kwamba ni kweli.

"Huyo anayenunua, atakuwa anafungua saa ngapi?"

Machozi yalinishuka na sikuyafuta, kwa kuogopa kwamba nikiinua mkono atayaona. Mashine ilipunguza mwendo, ikatikisika, ikanyamaza. Baba aliinuka kwa kujishikilia kwenye benchi, nami nikapiga hatua nimsaidie.

"Geuka, mwanangu," alisema.

Niligeuka. Nilisimama dukani kwangu mwenyewe nimetazama ukuta, nikimsikia baba akihema na kutoa nguo zake moja moja, na sikuthubutu kugeuza shingo mpaka aliponiambia kwamba sasa naweza.